Mhojiwa Namba Arobaini

Jana mchana, baada ya sahani ya wali maharage katika mgahawa ulio nyuma ya maktaba, nilirudi maktabani, nikalaza kichwa juu ya sura ya nne ya tasnifu yangu, nikaota nimeitwa kuitetea.

Sikuwa nimekusudia kulala. Kazi ilitakiwa imfikie msimamizi wangu, Dokta Rwezimula, saa kumi jioni, na kilichobaki kilikuwa ukurasa mmoja tu, ule wa ikirari. Hapo ndipo mwanafunzi anapothibitisha kwamba kazi ni yake na kwamba yaliyomo ni ya kweli, kisha anatia sahihi. Ukurasa huo nilikuwa nao mbele yangu tangu juzi. Kila nikishika kalamu nakumbuka jambo jingine la kufanya. Jana nikakumbuka kula, na nilipomaliza kula nikakumbuka kwamba sijalala vizuri wiki nzima.

Naitwa Tusekile. Tasnifu yangu inahusu namna kina mama wa kitongoji cha Ikolobo, huko Rungwe, wanavyohifadhi mbegu za asili za maharage. Niliwahoji wanawake arobaini, nyumba kwa nyumba, kwa hojaji yenye maswali kumi na manane. Arobaini ndivyo ilivyoandikwa katika sura ya tatu, na nimeitamka mara nyingi hivi kwamba hata mama yangu mzazi, ambaye hajui hojaji ni nini, anaijua hiyo arobaini.

Basi, ndotoni nimesimama kwenye mlango wa ukumbi. Mlinzi ameshika rula mahali pa rungu.

"Umesimama kwenye pambizo," ananiambia.

"Samahani, afande. Nisimame wapi?"

Anapima kutoka ukutani hadi bega langu la kushoto, anaguna, ananisogeza taratibu. "Kushoto sentimita nne. Huku ndiko watakakokushona. Bega likiingia kwenye gundi utamlaumu nani?"

Nikasema sitamlaumu mtu. Akaridhika.

Mbele yangu kuna foleni ya wanafunzi, na kati ya kila mtu na mwenzake pameachwa nafasi ya mtu mmoja ambaye hayupo. Nilipomsogelea wa mbele, mlinzi akapuliza filimbi. "Mistari ni nafasi mbili! Hamsomi mwongozo?" Nikarudi nyuma. Kikundi kimoja tu ndicho kilichoruhusiwa kubanana, wazee watano waliosukumwa ndani kidogo ya foleni, wakihema kwa tabu. Niliuliza hao ni akina nani. Nikaambiwa hao ni nukuu ndefu, na wamezoea.

Nilipovuka kizingiti sikuukuta ukumbi. Nilikuta karakana ya seremala, maranda hadi kwenye vifundo vya miguu. Fundi alikuwa ameegemeza fremu kubwa ya mbao ukutani.

"Kiunzi chako cha nadharia hiki hapa," akasema. "Pita tuone."

Nikajaribu kupita. Kichwa kilipita, mguu ukapita, kiwiko kikakataa.

"Umekiazima wapi?"

"Katika kitabu, fundi."

"Kimekatwa kwa ajili ya wakulima wa kahawa," akasema huku akigongagonga mbao. "Wewe umeleta maharage."

"Si ungepunguza kidogo hapa pembeni?"

Akaniangalia kama mtu aliyeombwa kupunguza ukuta wa kanisa. "Nadharia haipunguzwi, mama. Anapunguzwa mtafiti." Akachukua randa, akanikwangua kiwiko mara mbili. Haikuuma. Nikapita, nikamshukuru, naye akaniambia nimshukuru kwa maandishi, kabla ya yaliyomo.

Nyuma ya karakana kulikuwa na mabenchi marefu, na juu yake wameketi wataalamu wote niliowataja katika mapitio ya maandishi. Majina yao sikuyaona. Kila mmoja alikuwa ameshonewa mwaka wake kifuani, na ilibidi niwasalimie kwa miaka hiyo.

"Shikamoo, elfu moja mia tisa sabini na nne."

"Marahaba."

"Shikamoo, elfu mbili na kumi na moja, toleo la pili."

"Marahaba, binti. Tusalimie toleo la kwanza, halijambo?"

Nikajibu kwamba halijambo, ingawa sijawahi kuliona. Mwisho wa benchi la tatu, mama mmoja mnene aliyeshonewa elfu moja mia tisa themanini na tisa hakuitikia. Aliushika mkono wangu akauliza, "Mimi umenisoma ukurasa upi?"

Nikamwambia nimemsoma kurasa zote.

"Mimi nina juzuu mbili," akasema. Akauachia mkono, akageukia upande mwingine. Mpaka leo naona aibu juu ya yule mama.

Sasa niko ukumbini. Kuna meza ndefu yenye kitambaa cha kijani, na nyuma yake watahini watatu. Katikati ameketi Dokta Rwezimula, msimamizi wangu, mtu mpole mwenye miwani inayoteleza, ambaye katika miaka miwili hajanipandishia sauti hata mara moja. Kulia kwake imeketi Kalamu Nyekundu, imekivua kifuniko na kukiweka mezani kama afisa anavyoweka kofia. Kushoto ameketi kijitu kifupi sana, suti imemkaa vizuri, mdomo ameufumba.

"Huyo ni Ikisiri," Dokta akanieleza. "Anaruhusiwa maneno mia tatu tu. Ameshatumia mia mbili tisini na nane. Usimchokoze."

Ikisiri akanipungia mkono. Kwa hofu niliyokuwa nayo nikaketi bila kumsalimia Dokta Rwezimula, jambo ambalo sijapata kulifanya tangu nimfahamu.

"Pengo la utafiti liko wapi?" Kalamu Nyekundu ikauliza.

Nikaonyesha. Lilikuwa pale katikati ya ukumbi, shimo lenye upana wa mkeka, giza ndani. Nilishangaa kwamba sikuwa nimetumbukia.

"Umeliziba?"

"Nimeliziba."

"Kwa kutumia nini?"

"Kwa wahojiwa arobaini."

"Waingie," ikasema Kalamu Nyekundu, ikaandika kitu kwenye kitambaa cha meza.

Wakaingia mmoja mmoja, kwa namba zao, vitenge vyao ni vilevile walivyovaa siku nilipowahoji. Kazi ikasimama hapo hapo, kwa sababu kila mmoja alitaka kusalimiana. Ikolobo salamu haikimbizwi. Utaulizwa habari za utokako, za mama, za mvua, za mguu wa yule aliyeteguka mwaka juzi, na hakuna swali la hojaji litakalojibiwa kabla hayo hayajaisha. Lakini yakishaisha yameisha. Ukirudia kumsalimia mtu siku hiyo hiyo atadhani ile ya kwanza hukuisikiliza, na atanuna. Niliwahi kununiwa na mhojiwa namba tatu kwa kosa hilo, nikamkosa hadi Jumatatu.

Kila mama alipomaliza salamu zake alisogea kwenye pengo, akafungua kiganja, akamwaga maharage yake ndani. Meusi, mekundu, ya njano, ya madoadoa. Shimo likaanza kupanda.

Mhojiwa namba saba akasimama kidogo. "Ukurasa wa themanini umeandika nilicheka."

"Ndiyo, mama. Kwenye mabano."

"Sikucheka. Nilipaliwa."

"Sahihisha," ikasema Kalamu Nyekundu. Nikasahihisha. Namba saba akamwaga maharage yake, akaenda kukaa.

Wakafika thelathini na tisa. Pengo limejaa karibu lote. Limebaki tundu la mtu mmoja kupita, pale pembeni.

"Namba arobaini," akaita Dokta Rwezimula, na usoni akachangamka, maana huyo ndiye anayempenda kuliko wote.

Hapa lazima niseme jinsi namba arobaini alivyopatikana.

Ilikuwa siku yangu ya mwisho Ikolobo, miezi minane iliyopita. Nyumba ya mwisho ilikuwa na mlango wa bluu, na mlango ulikuwa na kufuli. Jirani akaniambia mwenye nyumba, Mama Ambakisye, yuko msibani, amefiwa na kaka yake, atarudi baada ya siku tatu. Akaniandikia namba ya simu kwa penseli nyuma ya hojaji, akasema, "Mpigie akirudi, hana neno." Mimi nilikuwa na basi la asubuhi. Mvua ilikuwa inakuja. Nikaketi barazani kwa mtu aliyefiwa, nikala ndizi zangu mbili, nikamjazia hojaji mwenyewe. Umri, miaka arobaini na sita hadi hamsini na mitano. Elimu ya msingi. Watoto wanne. Kwenye sehemu ya kuchagua kati ya nakubali na sikubali nilimwekea alama ya vema kwenye "nakubali sana" kuanzia juu hadi chini. Nilikuwa na njaa na nilitaka kuondoka, ndiyo maana alikubali sana kila kitu.

Lakini lile swali la mwisho halina vijisanduku. Linauliza, kwa nini unahifadhi mbegu? Nikatafuna ndizi, nikatazama mvua inavyoshuka mlimani, nikamwandikia: "Mbegu ni barua tunayowaandikia watoto ambao bado hatujawazaa."

Wale thelathini na tisa waliniambia mambo ya kawaida. Mbegu za dukani zinaoza, hizi zinaiva upesi, hizi hazina gesi. Dokta Rwezimula alipoisoma ile ya arobaini alivua miwani. Akaandika pembeni kwa penseli, "Hapa ndipo tasnifu ilipo." Akaniagiza sura ya nne ianze na sentensi hiyo, na sentensi hiyo hiyo iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Nilikubali. Nilikubali sana.

Namba arobaini akaingia. Alikuja bila kishindo, kwa sababu hakuwa na miguu. Kitenge kilishuka kikaishia hewani. Uso wake ulikuwa na umri, kati ya arobaini na sita na hamsini na mitano, nao haukutulia kwenye mwaka wowote. Hakumsalimia mtu.

"Karibu sana, mama," akasema Dokta.

"Nakubali sana."

"Umesafiri salama?"

"Nakubali sana."

"Tafadhali, tuambie kwa nini unahifadhi mbegu."

Akaisema. Sauti yake ilikuwa nzuri kupita kiasi, na nikaitambua, ni sauti yangu nikiwa sina mafua. Ukumbi mzima ukapiga makofi, hata wataalamu wa kwenye mabenchi niliowaacha nyuma nikawasikia. Wale kina mama thelathini na tisa hawakupiga. Walikuwa wanamtazama mmoja wao ambaye hawamjui, na Ikolobo ni kitongoji, wote wanajuana.

Dokta akafuta miwani. "Sasa weka mbegu zako kwenye pengo, mama."

Namba arobaini akafungua kiganja. Hakikuwa na kitu. Hakikuwa hata na mistari.

Akanigeukia mimi. Hakuwa na hasira, hojaji haikuwa na swali la hasira. "Dada," akasema, "hiyo sentensi yangu inataja watoto. Mimi ninao?"

"Wanne," nikamjibu.

"Wanaitwaje?"

"Fomu haikuuliza majina."

Akafikiri. "Na jioni huwa ninarudi wapi?"

Nilikuwa nimempa sentensi nzuri kuliko wote na sikumpa pa kulala. Niliona aibu, na nikatamani mtu anigombeze ili ipungue.

Hakuna aliyenigombeza. Kalamu Nyekundu ikavaa kifuniko chake. Ukurasa wa ikirari ukashuka kutoka juu ukatua mbele yangu, ukajinyoosha, ukakohoa. Ulikuwa na sauti ya karani aliyebakiza miezi miwili astaafu.

"Mimi, Tusekile," ukasema, "ninathibitisha kwamba kazi hii ni yangu mwenyewe. Sahihi hapa. Tarehe pale. Usitoke nje ya mstari."

Nikashika kalamu yangu ya kawaida, ile ya bluu. Haikunyanyuka. Nikaishika kwa mikono miwili. Nikasimama, nikavuta. Ilikuwa nzito kama kinu.

"Unaniumiza," ikasema kalamu. "Mimi huandika chochote unachotaka, hilo unalijua. Ile siku barazani nilikuandikia yote bila kulalamika. Ila jina lako chini yake, hapana, tafuta mwingine."

"Tusekile," akasema Dokta Rwezimula kwa upole wake, na upole huo ndio ulionimaliza. "Kuna tatizo?"

Hapo Ikisiri akasimama. Watu wakaanza kunong'ona kwamba jamani, anazitumia, anazitumia zile mbili za mwisho. Akanyoosha kidole kwenye lile tundu lililobaki.

"Nenda kamuulize," akasema.

Maneno yakawa mia tatu. Akajikunja katikati kama karatasi, akaketi, akaisha.

Nikaenda kwenye tundu. Namba arobaini akanifuata bila kuitwa, ameshika ncha ya blauzi yangu. Tukatumbukia. Haikuwa mbali, ilikuwa kama kushuka kitandani.

Tulitokea Ikolobo, mbele ya mlango wa bluu, na mlango uko wazi. Mvua imetoka kukatika. Barazani, pale pale nilipoketi, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana anaosha miguu kwenye beseni. Miguu ni yake, miwili, ina matope ya barabara ya msibani, na kidole gumba cha kulia hakina ukucha. Sikuwahi kufurahia kuona miguu ya mtu namna ile.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Habari za utokako?"

"Nzuri, mama. Pole na msiba."

"Nimeshapoa. Alikuwa kaka yangu mdogo. Mama yako hajambo?"

"Hajambo, mama, goti tu linamsumbua."

"Goti la kulia?"

"La kushoto."

"Afadhali la kushoto. Mvua huko kwenu?"

"Haijatulia."

"Na masomo?"

Nikasema masomo yanaelekea mwisho. Akauliza habari za baba, za dada, za nyumba, za njia, na mimi nikauliza habari za mwanawe Ambakisye, za mgomba ulioanguka pale uani, za wote waliokuwa msibani. Sikukimbiza hata moja. Miezi minane nilikuwa nadaiwa salamu hiyo bila kujua. Tulipofika mwisho akapangusa miguu kwa kitambaa, akasema, "Haya, tumeshasalimiana. Na huyu nyuma yako ni nani?"

"Ni wewe, mama."

Akainamisha kichwa, akamtazama namba arobaini vizuri, juu mpaka pale alipoishia. "Mimi? Mbona hana miguu?"

"Sikumuuliza."

"Na hapa kifuani ameandikwa anakubali sana. Anakubali nini?"

"Kila kitu."

Mama Ambakisye akacheka, mara hii ni kicheko kweli, sikuhitaji kuuliza. "Mkaribishe akae basi. Hata kama si mtu, amesafiri."

Namba arobaini akaketi kwenye kigoda. Nikatoa hojaji, nikaanza swali la kwanza, umri. Mama Ambakisye akasema sitini na mbili. Alama ya vema kwenye karatasi ikaruka kama inzi ikaondoka, na bega moja la namba arobaini likapungua rangi. Elimu? Hakumaliza, alitolewa darasa la tano kulea. Likapungua la pili. Watoto? Amezaa sita, wako watatu, na akanitajia majina ya wote sita. Niliyaandika pembeni ingawa fomu haina nafasi hiyo. Namba arobaini alikuwa anasikiliza majina kwa makini sana, midomo yake ikiyafuata.

"Sasa huyu ataenda wapi?" nikauliza, maana alikuwa amebaki uso na kitambaa cha kichwa.

"Ataenda zake, mwanangu. Alikuwa amenishikia nafasi tu."

"Samahani, dada," nikamwambia namba arobaini.

Akanitazama kwa ule umri wake usiotulia. "Nakubali," akasema. Safari hii hakusema sana. Kigoda kikabaki kitupu.

Nikafika swali la kumi na nane. "Mama, kwa nini unahifadhi mbegu?"

Mama Ambakisye akaingia ndani, akatoka na kibuyu kilichozibwa kwa gunzi. Akakiweka magotini. "Mbegu hizi," akasema, "nilipewa na mama mkwe wangu. Na yule mama, nisikufiche..."

Nikaamka.

Shavu langu lilikuwa limegandana na jedwali la sita. Saa ya ukutani ilisema saa nane na robo. Maktaba ilikuwa kama ilivyokuwa, mtu wa meza ya jirani anakula karanga kwa siri, feni inalalamika. Ikirari ilikuwa wazi mbele yangu na kalamu iko juu yake, na nilipoinyanyua ilinyanyuka vizuri tu. Kwa hiyo ningeweza kutia sahihi. Niseme ukweli, niliweka ncha ya kalamu kwenye mstari.

Kisha nikafungua jalada la hojaji, nikaitoa ya arobaini, nikaigeuza. Namba ya simu ilikuwa bado inasomeka. Jirani yule alikuwa na mwandiko mzuri. Nikatoka nje hadi kwenye ngazi za maktaba, nikapiga, huku nikijipanga namna ya kujitambulisha kwa mtu asiyenifahamu, aliyenisubiri miezi minane bila kujua ananisubiri.

Simu ikaita mara mbili. Ikapokelewa.

"Halo, shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu, naitwa Tusekile, mimi ni mwanafunzi, nilifika huko kwenu mwaka jana lakini hukuwepo, ulikuwa..."

"Mwanangu," sauti ikanikatiza, na ilikuwa imenuna kidogo. "Si tumeshasalimiana?"

Nikaibana simu kwa bega, nikaigeuza hojaji upande wa maswali.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo, mama."

"Basi andika. Nilikuwa nakwambia, mbegu nilipewa na mama mkwe wangu. Na yule mama, nisikufiche, sikumpenda, na yeye hakunipenda. Miaka kumi na mmoja chungu chake sijakiinjika akasifu. Siku anakufa, binti zake wako pale wote, akaniita mimi. Akanipa kibuyu. Hakusema kitu. Nikajiambia nitakitupa. Kila mwaka najiambia mwaka huu nakitupa, halafu mvua inanyesha, na mimi huyo, natoka napanda. Maharage yenyewe sili, yananiunguza kifua. Umeandika?"

"Naandika, mama."

"Usiandike kwamba nilimsamehe. Sikumsamehe. Mbegu hazikunikosea kitu, hilo ndilo uandike."

Nikaandika hivyo hivyo, goti likiwa ndiyo meza yangu.

"Na hapo kwenye kukubali kwako," akasema, "kwamba napenda kuhifadhi. Weka nakubali. Hiyo sana iondoe."

Nikaiondoa. Nikamshukuru, akaniambia ndaga, ndiyo asante ya kwao, akakata simu kwa sababu alikuwa na nguo nje na mvua inakuja. Nikarudi ndani, nikafungua sura ya nne. Nikaisoma ile sentensi ya barua kwa watoto mara ya mwisho, nikaona bado ni nzuri, na inaniuma. Nikaikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Majedwali sita yatabidi yahesabiwe upya, na saa kumi haitawezekana, na huenda baada ya saa kumi mambo mengi mengine hayatawezekana.

Nikatoka tena nje, nikampigia Dokta Rwezimula.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba," akasema. "Nilidhani leo hutanisalimia kabisa."

Nikaketi kwenye ngazi, nikaanza kumweleza habari za mhojiwa namba arobaini.